Picha ya skrini kwa vitufe: PrtSc ya mashine hii inafanya kazi, ya ile kama imekufa

MwalimuNgamiani

Wadau habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua, si wa kubahatisha.

Naandaa kijitabu cha wanafunzi wanaoanza kompyuta hapa Tanga mjini. Ni kama kurasa 20 za A4, na kitatolewa fotokopi nyeusi na nyeupe. Karibu kila hatua inahitaji picha ya skrini: kufungua Word, kuhifadhi faili kwenye flashi, kujaza fomu ya mtandaoni, kuchapa risiti ya malipo. Mashine zilizopo ni za kila kabila: dekstopu 4 za Windows 7, dekstopu 2 za Windows 10, laptopu moja ya HP yenye Windows 11, na MacBook moja.

Kwenye zile za Windows 7, PrtSc (Print Screen, kitufe cha kupiga picha ya skrini) ikibonyezwa hakuna kinachotokea. Hakuna mlio, hakuna faili. Kwenye Windows 10, kitufe cha Windows pamoja na PrtSc kinatoa faili, ila ni skrini nzima, na ikishaingia Word herufi hazisomeki. Kwenye HP, PrtSc inafifisha skrini na kunitaka nichague eneo. Na kwenye zote hizo, nikitaka kupiga menyu ikiwa wazi, nikigusa Alt tu menyu inajifunga.

Ushauri wa kupiga kioo kwa simu nimeshaupata, asanteni. Picha inatoka na mistari ya mawimbi na kivuli cha mpigaji.

---

FundiBarabaraYa8

Salama mwalimu. Hizo PrtSc zote ni nzima. Kila mchanganyiko wa vitufe unapeleka picha mahali pake, na usipojua imepelekwa wapi utadhani haikupigwa.

PrtSc peke yake, kwenye Windows 7 na hata Windows 10, haitengenezi faili. Inachukua skrini nzima na kuiweka kwenye ubao wa kunakili, palepale linapokaa neno ukilinakili kwa Ctrl + C. Ubao huo uko kwenye memori, hauko kwenye diski, na unabeba kitu kimoja tu. Ukinakili hata herufi moja kabla hujabandika, picha imekwenda na maji. Umeme ukikatika, vivyo hivyo. Ubao wa kunakili ndio hasa *waja leo waondoka leo*.

Kwa hiyo kwenye Windows 7 fanya hivi. Bonyeza PrtSc mara moja. Bonyeza Windows + R, andika mspaint, piga Enter, Paint itafunguka. Bonyeza Ctrl + V, picha itatokea ikiwa imezungukwa na vidoti. Ctrl + S, na kwenye aina ya faili chagua PNG. Ukiona upande wa kulia au chini kumebaki uwanda mweupe, maana yake karatasi ya Paint ilikuwa kubwa kuliko picha. Kabla hujabofya popote, vidoti vikiwa bado vipo, bofya "Crop" na uwanda wote utaondoka. Ukibofya pembeni kwanza, picha inagandia kwenye karatasi na itabidi ubonyeze Ctrl + Z, ubandike upya.

Kwa nini PNG na si JPEG? JPEG ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Ukiipa herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, inazizungushia vumbi la kijivu, na fotokopi inalikoleza vumbi hilo mpaka "e" na "c" zinafanana. PNG haitupi nukta (pixel) hata moja. Usiogope ukubwa pia: skrini ya nukta 1366 kwa 768 ni kama MB 3 ikiwa ghafi, lakini ukurasa wa Word wenye weupe mwingi ukihifadhiwa PNG kwa kawaida unashuka mpaka KB mia moja na kitu. BMP ndiyo inayobaki na MB zake zote, achana nayo.

Kitufe cha kukuokoa kwenye kijitabu ni Alt + PrtSc. Hiki kinachukua dirisha hai peke yake, yaani lile ulilobofya mwisho. Kisanduku cha kuhifadhi faili kikiwa mbele, kinachukuliwa kisanduku tu, bila Word iliyo nyuma yake na bila saa ya chini kuliani. Nacho kinaishia kwenye ubao wa kunakili, kwa hiyo unaweza kwenda Word moja kwa moja na Ctrl + V, Paint ukairuka kabisa.

Windows + PrtSc ilikuja na Windows 8, mwaka 2012, ndiyo maana dekstopu zako nne za Windows 7 hazitaijibu hata ukibonyeza mpaka kesho. Kwenye Windows 10 inaandika faili ndani ya folda ya Pictures, kwenye folda ndogo ya Screenshots: Screenshot (1), Screenshot (2), na kuendelea. Hesabu hairudi nyuma. Ukifuta zote, inayofuata inaweza kuitwa Screenshot (48), wala hakuna faili 47 zilizojificha. Folda ikiwa tupu ilhali skrini ilififia kidogo ulipobonyeza, tafuta ndani ya folda ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Huduma hiyo ina mpangilio wa kujichukulia picha za skrini, na mara nyingi mtu hukubali siku ya kwanza bila kusoma.

Halafu kuna Windows + Shift + S, kwenye Windows 10 tangu toleo la 2017. Skrini inafifia, juu panatokea alama chache: mstatili, mchoro huru, dirisha, skrini nzima. Unaburuta kipanya kuzunguka eneo unalotaka, ukiachia imekwisha kupigwa. Kwenye Windows 10 picha inabaki kwenye ubao wa kunakili, na pembeni kunatokea taarifa. Ukiibofya taarifa unapata nafasi ya kuchora mishale na kuhifadhi. Usipoibofya na usipobandika, hakuna faili. Hapa ndipo wengi wanapolia.

HP yako ya Windows 11 haina ugonjwa. Kuanzia 2023 Microsoft ilibadili kazi ya PrtSc kwenye Windows 11, sasa inafungua Snipping Tool, kitu kilekile kinachofunguliwa na Windows + Shift + S. Ukitaka irudi kama zamani: Settings, Accessibility, Keyboard, kisha zima palipoandikwa "Use the Print screen key to open screen capture". Binafsi nisingeizima, kwa sababu Snipping Tool ya siku hizi inajihifadhia faili yenyewe kwenye folda ileile ya Screenshots. Ila kwa menyu zilizo wazi utahitaji kuizima kwa muda, wengine watakueleza.

Kwenye hizo Windows 10, bonyeza Windows + V mara moja na ukubali. Ubao wa kunakili utaanza kukumbuka vitu 25 vya mwisho badala ya kimoja. Hapo unaweza kupiga picha kumi mfululizo, kisha ukae Word na kuzibandika moja moja kutoka kwenye orodha. Mashine ikizimwa orodha inafutika, isipokuwa ulivyovibana kwa pini.

---

KibodiTu

Nyongeza kwa upande wa laptopu, maana Fundi amezungumzia vitufe kama vile vyote vinakaa mahali pamoja.

Kwenye dekstopu PrtSc ipo juu, kulia kwa F12, mara nyingi na SysRq chini yake. Kwenye laptopu kila mtengenezaji ana lake. ThinkPad nyingi zinaiweka safu ya chini kabisa, kati ya Alt ya kulia na Ctrl. Dell kadhaa zimeipandisha juu ya F10. Kwenye Surface za Microsoft ni Fn (kitufe cha chini kushoto kinachobadili kazi ya vitufe vingine) + upau wa nafasi. HP nyingi zinaichanganya na kitufe kingine, na ukitaka kujua ipi inahitaji Fn, tazama rangi au fremu ya maandishi: neno "prt sc" likiwa limeandikwa kwa rangi ileile ya neno "fn", au limezungushiwa kisanduku kama la fn, basi zinabonyezwa pamoja. Kwa hiyo Alt + PrtSc inageuka kuwa Alt + Fn + PrtSc. Shika Fn na Alt kwanza kwa mkono wa kushoto, kisha gusa PrtSc kwa kulia. Ukitanguliza PrtSc unapata skrini nzima, au hupati chochote.

Kuna mashine ambazo safu ya F imegeuzwa kuwa ya sauti na mwanga. Kwenye Lenovo na Dell nyingi Fn + Esc inaigeuza na kuirudisha. Kwenye HP nyingi mpangilio uko BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka: washa mashine huku ukigusa F10, nenda System Configuration, tafuta "Action Keys Mode".

Kibodi ikiwa imeliwa na chumvi (na huku kwetu pwani kibodi ya dirishani haikawii), jaribu kitufe kabla ya kukilaumu. Fungua Notepad, andika neno "samaki", lichague, Ctrl + C. Bonyeza PrtSc. Rudi Notepad, bofya mwisho wa neno, Ctrl + V. Neno "samaki" likitokea mara ya pili, PrtSc haikufika kwenye kompyuta, kwa hiyo tatizo ni kitufe au Fn. Isipotokea kitu, PrtSc imefika na ubaoni sasa kuna picha, kwa sababu Notepad haiwezi kubandika picha. Jaribio hili ni la mashine ambayo PrtSc haijapewa kazi ya kufungua Snipping Tool.

Kitufe kikiwa kimekufa kweli, kwenye Windows 10 na 11 Windows + Ctrl + O inaleta kibodi ya kwenye skrini. Hiyo yenyewe itaingia kwenye picha, kwa hiyo isogeze mbali na dirisha unalotaka, kisha bofya Alt na PrtScn juu yake kwa kipanya. Kwa Windows 7, Windows + R, andika osk.

---

BintiChumbageni

Mwalimu, suala lako la menyu na la herufi kutosomeka, mimi nitakujibu hayo mawili.

Menyu kwanza. Anayeifunga ni Alt, kama ulivyoona mwenyewe. Kwenye Windows, Alt ndiyo inayofungua na kufunga menyu, kwa hiyo ukishika Alt + PrtSc menyu inaiona Alt kabla PrtSc haijafika. PrtSc peke yake haigusi menyu. Fungua menyu kwa kipanya, piga PrtSc tupu, bandika Paint, kata kipande. Kwenye HP ndiyo maana unatakiwa kuzima ule mpangilio aliokutajia Fundi, ukimaliza uuwashe.

Njia ya pili ni kuchelewesha. Snipping Tool ya Windows 10 na 11 ina alama ya saa. Chagua sekunde 5, bofya New, kisha nenda ufungue menyu na kukaa nayo. Sekunde zikiisha skrini inaganda na menyu ikiwa wazi, unakata unachotaka. Kwa Windows 7 ambayo Snipping Tool yake haina saa: fungua Snipping Tool, bonyeza Esc ili ule ukungu uondoke lakini programu ibaki, fungua menyu yako, kisha Ctrl + PrtSc. Ukungu unarudi na menyu haijifungi.

Kishale cha kipanya hakitaonekana kwenye picha yoyote ya PrtSc. Si kosa, Windows inakichora juu ya skrini kando na vitu vingine. Ukitaka kuonyesha "bofya hapa", chora mshale mwenyewe kwenye Paint au Word, na uchore mnene. Mshale mwembamba mwekundu ukipita kwenye fotokopi unakuwa kijivu na kupotelea kwenye mistari ya fomu.

Herufi sasa. Hili ni suala la hesabu, wala Word haina hila. Skrini yako ina nukta 1366 kwa upana. Ukiibana iingie kwenye sentimeta 16 za ukurasa wa A4, kila inchi inabeba nukta kama 217. Herufi ya menyu yenye pointi 9 ni nukta 12 hivi kwenye skrini. Kwenye karatasi inatoka na pointi 4, maandishi ya chini ya kisanduku cha dawa. Ukikata nusu tu ya skrini, nukta 683, na kuiweka kwenye sentimeta zilezile 16, herufi ileile inatoka na pointi 8. Hiyo inasomeka hata kwenye fotokopi ya fotokopi.

Kwa hiyo piga kidogo, usipige kingi. Kwa fomu za mtandaoni kuza ukurasa kwanza: Ctrl na + mpaka 150, halafu piga. Ctrl na 0 inarudisha ulipokuwa. Kwa Word punguza dirisha lenyewe kabla ya Alt + PrtSc, livute liwe nusu ya skrini, utepe wa juu utajikunja na kubakiza vitufe vya lazima. Hakikisha tu kile unachofundisha hakijakunjwa nacho.

Mashine ikiwa kwenye mandhari meusi, irudishe kwenye mweupe kabla ya picha ya kwanza. Picha nyeusi inakula wino wa fotokopi, na herufi nyeupe ndani ya weusi zinajaa na kuziba. Mtoa fotokopi atakulaumu, na atakuwa na haki.

Kwenye Word yenyewe nenda File, Options, Advanced, shuka mpaka "Image Size and Quality", weka tiki kwenye "Do not compress images in file". Bila hivyo Word inaweza kuzipunguza picha kila unapohifadhi. Mpangilio huo ni wa faili moja, kwa hiyo uweke kwenye kijitabu kabla hujaanza kubandika.

Na kama Word ni ya 2010 au baadaye, menyu ya Insert ina "Screenshot". Inaorodhesha madirisha yaliyo wazi, unabofya moja, linaingia ukurasani bila kupitia Paint. Dirisha ulilolishusha chini halimo kwenye orodha, linatakiwa liwe wazi, hata kama limefunikwa na lingine.

Nilitaka kuishia hapo lakini kuna kitu kwa mwandishi wa kijitabu hasa. Windows 7 na 10 zina programu inayoitwa Steps Recorder. Windows + R, andika psr, Enter. Bofya Start Record, fanya kazi yako kama kawaida, bofya Stop Record. Imepiga picha kila ulipobofya, imezungushia mahali ulipobofya, na imeandika kitufe ulichogusa. Inahifadhi faili la ZIP, ndani yake mna ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari. Tahadhari mbili. Inaweka picha 25 tu za mwisho, za mwanzo zinatupwa, kwa hiyo ongeza idadi kwenye mipangilio kabla ya kazi ndefu. Pia hairekodi unachoandika kwa kibodi, jina na nywila hazimo, ingawa yanayoonekana kwenye skrini yanaingia pichani. Microsoft imeshatangaza kuistaafisha, ila kwenye hizo mashine zako za zamani ipo.

---

MwalimuNgamiani

Dada Chumbageni, Fundi, KibodiTu, Mungu awape. Alt + PrtSc imejibu kwenye dekstopu 5 kati ya 6. Jaribio la "samaki" limeonyesha kibodi ya ile ya sita kweli imekufa.

Maswali mawili yamebaki. Fomu ya mtandaoni ni ndefu kuliko skrini, napiga vipande vitatu na havikutani vizuri. La pili, kwenye ukurasa wa malipo kuna jina, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na namba ya kumbukumbu ya malipo ya mtu halisi. Nimeweka visanduku vyeusi juu yake ndani ya Word. Inatosha?

---

FundiBarabaraYa8

Ukurasa mrefu mwachie kivinjari. PrtSc inaona kilichopo kiooni tu.

Firefox: Ctrl + Shift + S, kisha chagua kuhifadhi ukurasa mzima. Kwenye Windows 7 toleo la mwisho la Firefox ni 115, na kazi hii imo. Edge ina vitufe hivyohivyo. Chrome imeificha: Ctrl + Shift + I, kisha Ctrl + Shift + P, andika screenshot, chagua "Capture full size screenshot", na faili linakwenda Downloads. Kabla ya kupiga, teremka kwa kipanya mpaka chini kabisa halafu upande juu. Kurasa nyingi hazipakii picha na vipengele vya chini mpaka mtu afike, na usipofanya hivyo utapata maboksi matupu.

Ila kwa A4 usiibandike yote. Ukurasa mrefu ukibanwa kwenye karatasi moja unarudi kwenye pointi 4 za dada. Ifungue Paint, kata vipande kwa sehemu za fomu: taarifa binafsi, elimu, malipo. Vipande vya picha moja vinakutana barabara kwa sababu vimetoka kwenye kipimo kimoja.

---

BintiChumbageni

Mwalimu, visanduku vya Word havitoshi, na usimpe mtu faili hilo. Kisanduku kimekaa juu ya picha kama kikombe juu ya meza. Yeyote akikibofya na kubonyeza Delete anaona kila kitu. Ukigeuza kuwa PDF nako wakati mwingine picha nzima inabaki chini yake. Karatasi ya fotokopi haina tatizo, faili ndilo lenye tatizo, na kijitabu kikishasifiwa watu watakuomba faili.

Hata kukata picha ndani ya Word hakufuti. Word inaficha tu ulichokata na kukitunza, ili ukibadili mawazo ukirudishe. Ili kifutike bofya picha, nenda Compress Pictures, weka tiki "Delete cropped areas of pictures".

Fanya kazi hiyo Paint, kabla picha haijafika Word. Chagua mstatili, uujaze rangi nyeusi kamili, ufunike, uhifadhi PNG kwa jina jipya. Ukishahifadhi, nukta za chini hazipo tena. Usitumie kalamu ya kung'arisha hata ukiipaka mara tatu, na usitumie ukungu kwenye namba. Tarakimu ni kumi tu, ukungu wake unaweza kulinganishwa mpaka namba ijulikane.

Namba ya NIDA ifunike yote 20. Watu wanafunika za mwisho na kuacha za mwanzo wakidhani hazina maana, kumbe 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba ya kumbukumbu ya malipo nayo, na kama risiti ina msimbo wa miraba wa kuskani, ufunike pia, maana mara nyingi ndani yake mna namba ileile uliyoificha kando. Angalia na juu ya kivinjari: anwani ya ukurasa wakati mwingine inabeba namba ya ombi, na vichupo vya pembeni vinasema barua pepe ya nani ilikuwa wazi.

Bora zaidi, jaza fomu kwa jina la kubuni mpaka hatua ya mwisho kabla ya kutuma, piga hapo, usitume.

---

KibodiTu

Naongezea kidogo kwa dada. Machi 2023 iligundulika kwamba Snipping Tool ya Windows 11, na ile ya Windows 10 inayoitwa Snip & Sketch, zilikuwa na kasoro: ukikata picha na kuihifadhi juu ya faili lilelile, faili jipya lilikuwa dogo lakini mkia wa lile la zamani ulibaki ndani, na wataalamu waliweza kurudisha sehemu iliyokatwa. Microsoft ilitoa rekebisho mwezi huohuo kupitia duka lake la programu. Kwenye HP fungua Microsoft Store, sasisha Snipping Tool. Rekebisho haliponyi faili za zamani, kwa hiyo zilizokatwa kabla ya hapo zifungue Paint, Ctrl + A, Ctrl + C, anza karatasi mpya, Ctrl + V, hifadhi kwa jina jingine.

MacBook haijaguswa na mtu, nayo ndiyo rahisi kuliko zote. Command + Shift + 3 ni skrini nzima. Command + Shift + 4 inakupa msalaba wa kuburuta eneo. Ukibonyeza 4 halafu upau wa nafasi, msalaba unageuka kamera, na dirisha utakalobofya ndilo linalochukuliwa. Dirisha la hivyo linakuja na kivuli kipana pembeni ambacho kwenye fotokopi ni uchafu mtupu. Shikilia Option wakati wa kubofya, kivuli hakiji. Faili zote zinaangukia kwenye uso wa skrini ya Mac (Desktop) zikiwa PNG. Ukiongeza Control kwenye mchanganyiko wowote, faili halitengenezwi, picha inakwenda kwenye ubao wa kunakili, unabandika kwa Command + V. Tangu toleo la macOS liitwalo Mojave, la 2018, kuna Command + Shift + 5 inayoleta paneli yenye kila kitu, pamoja na kuchelewesha sekunde 5 au 10. Hiyo ndiyo ya menyu.

---

MwalimuNgamiani

Nimeelewa. Ninahamisha visanduku vyote Paint. La mwisho kabisa: picha za kwenye Mac nimejitumia kwa WhatsApp ili zifike dekstopu, zimefika na ukungu.

---

FundiBarabaraYa8

WhatsApp imezibana kuwa JPEG. Usizitume kama picha. Bofya alama ya kuambatisha, chagua Document, kisha ndiyo uchague faili. Hapo linafika kama lilivyoondoka, PNG na nukta zake zote. Au tumia flashi, ila iwe imefomatiwa kwa mfumo wa faili wa exFAT au FAT32. Ikiwa NTFS, Mac itaisoma lakini haitaweza kuandika juu yake.